Kanuni ya Kuitana

Kigoma, 9 Juni

Dada Nura,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwa mkono kama ulivyotaka, ingawa wenzangu ofisini wananicheka, wanadhani nina mchumba wa siri Bujumbura. Nimewaambia ni dada yangu mkubwa, muuza nyavu wa mtaa wa Asiatique, ambaye ameitupa simu yake kwa sababu alichoka kupiga namba ya mdogo wetu Ilyas na kuambiwa haipatikani. Nikawaambia pia kwamba Ilyas ziwa lilimchukua mwaka juzi na mpaka leo halijamrudisha. Hapo wakaacha kucheka. Barua hii utaletewa na nahodha Mugisho, meli yake inakuja huko na saruji.

Kazi inakwenda, ila polepole. Ukiweka nchi nne mezani, hata neno "wavu" linahitaji kikao. Lakini ramani imekubaliwa: eneo la hifadhi litaanzia mbele ya mwalo wetu wa Rukoma na kufuata miamba kuelekea kusini. Sehemu ya ndani, ambako samaki wanazalia, hakuna kuvua kabisa. Sehemu ya nje mtavua kwa kadi, kwa nyavu za matundu makubwa, na taa zenye kikomo. Najua unasema nimeota mapembe. Vumilia kidogo, ndagala, ambao huku wanawaita dagaa, wakirudi utanishukuru.

Kuna kanuni moja najivunia kweli, kwa sababu ni yetu. Wenzangu walitaka kamera na boti za doria, na mafuta unajua mwenyewe yalivyo adimu. Nikawaambia: kwetu Rukoma, asubuhi za kiangazi ukungu unapofunika maji, wanawake husimama ufukweni na kumwita kila mtu wao kwa jina, na mashua haigusi mchanga mpaka wote wameitika. Mama alikuwa akimwita baba hivyo, nakumbuka mpaka leo. Basi tumeiandika. Afisa wa hifadhi ataita majina ya wenye kadi, nao wataitika. Aliyekosekana atajulikana na aliyezidi atajulikana. Tumeipa jina Kanuni ya Kuitana, na hata mwenyekiti wa tume, ambaye hapendi kitu, ameipenda.

Majaribio yanaanza kwenu wiki hii, mawaziri watasaini mwezi wa nane. Atakayeita ni kijana anaitwa Régis. Ni mtu wa milimani, ziwa analijua kwa picha. Msimle mbichi.

Mdogo wako,
Talal

*

Bujumbura, 17 Juni

Talal mdogo wangu,

Waalaykum salaam. Barua imefika, inanuka saruji. Jovithe, kiongozi wa ekipi yangu ya wavuvi, nimemsomea habari za matundu ya nyavu. Amesema kwa matundu ya namna hiyo hata mbuzi atapita. Akaongeza maneno mengine ambayo siyaandiki kwa sababu leo ni siku njema.

Régis wako tumempokea. Anapanda basi dogo kutoka mtaa wa Kamenge kila alfajiri na viatu vya kung'aa, na anarudi navyo vimejaa mchanga. Alipita kuandikisha watu wa kila ekipi. Nilimtajia wangu wote, na Ilyas nikamtaja. Usinikunjie uso. Ningemruka, ingekuwa mimi dada yake ndiye niliyesema amekufa, na mwili hatujauona. Basi kadi yake imetoka na picha yake ya shule.

Sasa sikiliza, maana ni jambo lililonifanya nisile tangu juzi. Wewe unajua kuitana, lakini ulikuwa mtoto wa kiume, uliachwa kitandani. Hukuwahi kusimama na sisi kule mchangani. Ulilosikia ni majina yanayoitwa. Hukusikia yale yanayorukwa. Mtu ambaye ziwa halijamrudisha haitwi, Talal. Ikifika zamu yake tunanyamaza kidogo, halafu tunakwenda kwa anayefuata. Hakuna aliyetufundisha kwa maneno, unamwona mama yako anafanya nawe unafanya. Hilo hamkuliandika.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa mzito, maboya yenu ya manjano ya kuonyesha mpaka hayaonekani. Mashua za Jovithe zimekwisha kufika karibu, watu wake nawaona nyuso. Régis anaita, wanaitika. Kisha akasema kwa sauti, "Ilyas Sleiman!"

Dorothée, yule mama wa ndagala, aliangusha beseni. "We mutoto, apana! Ile jina hatuite hapa!"

Régis akadhani anaficha mtoro. Akaita tena, kwa nguvu zaidi.

Nyuma ya mashua, mbali, upande wa Uvira ng'ambo ya ziwa, mtu akaitika. "Nikoo." Kwa kuivuta mwishoni, kama alivyokuwa akiitika nikimwamsha aende shule. Watu wa Jovithe midomo yao ilikuwa imefungwa, nilikuwa nawatazama. Wote walisikia. Wote waligeuka.

Régis akaweka alama yake kwenye karatasi, akaenda kwa jina linalofuata.

Dada yako,
Nura

*

Kigoma, 22 Juni

Dada,

Nimeisoma barua yako nikiwa kikaoni, na nikaomba ruhusa ya kutoka.

Nisikilize kwa utulivu. Wavuvi hawaipendi kanuni hii, na Jovithe hukuanza kumjua leo. Kuna mtu kajificha kwenye mtumbwi mdogo anaigiza sauti ili Régis atimue mbio na hifadhi ife. Na asubuhi bila upepo sauti husafiri juu ya maji. Mtu wa mwalo mwingine anaweza kuitika mambo yake ukadhani anakujibu wewe. Mtu wa kumwigiza Ilyas hakosekani, nusu ya Rukoma walikua naye.

Najua unavyompenda. Nami nampenda, dada, isipokuwa mimi nilikimbilia mikutano na wewe ukabaki na duka na ufukwe. Nitamwambia Régis alitoe jina. Na nikija, tumwendee sheikh, tumswalie Ilyas Swala ya asiyekuwepo kama alivyotushauri mwaka jana. Ulikataa, sikukulaumu. Lakini huku kuning'inia hewani si kumtendea haki hata yeye.

Kula. Nakuomba.

Talal

*

Bujumbura, 4 Julai

Talal,

Usilitoe jina.

Nimekula, umefurahi? Nakula vizuri siku hizi, nalala vizuri pia, na naamka kabla ya adhana. Anaitika kila asubuhi yenye ukungu. Jovithe alimtafuta huyo mwigizaji wako. Alikwenda na mtumbwi moja kwa moja ilikotoka sauti, na alipofika sauti iliitika pembeni yake, kwenye maji matupu, karibu na kasia. Amerudi akafunga mtumbwi bila hata tusi moja, na kwa Jovithe unajua hilo si jambo dogo. Jioni ndipo aliposema: "Mama Nura, kule ndani ya maboya maji iko na mutu. Mi sirudie."

Sasa ekipi yangu haitoki. Nyingine zinatoka lakini zinazunguka kwa mbali, hakuna anayekaribia maboya. Hifadhi yako inaheshimiwa kuliko msikiti.

Anakaribia, Talal. Mwanzo alikuwa upande wa Uvira. Kisha akawa kwenye maboya. Sasa yuko ndani ya maboya, katika ile sehemu mliyosema mtu asiingie, samaki wazaliane. Ndimo anamotembea. Na samaki wenyewe wanamtangulia: ndagala wanakuja mpaka kwenye maji ya kifundo cha mguu, wamejipanga vichwa vikielekea mchangani, wengine wanajirusha nchi kavu na kufia hapo. Hakuna anayewaokota, hata kunguru. Régis ameandika kwenye ripoti kwamba samaki wameongezeka.

Dorothée amehamia mwalo mwingine. Alikuja kuniaga, akanishika mikono. Alisema yule si Ilyas. Nikamuuliza, wewe ulimnyonyesha? Mimi nilimlea. Mama alipokufa mtoto alikuwa hajaota meno. Akicheka namjua, akikohoa namjua, na jana alikohoa kabla ya kuitika.

Nina shati lake na taulo, nabeba kila siku. Atafika amelowa.

Nura

*

Kigoma, 13 Julai

Dada yangu,

Nimefanya jambo ambalo litakuudhi, basi acha niliseme kwanza. Nimemwandikia Régis asiite tena, si Ilyas tu, asiite mtu yeyote. Na nimeiomba tume iiondoe Kanuni ya Kuitana. Mwenyekiti aliniuliza sababu mbele ya watu wote. Ningemwambia nini? Nikasema haitekelezeki wakati wa ukungu. Mimi, niliyeipigania kwa wiki tatu.

Barua yako niliibeba mfukoni mpaka Kibirizi, wanakoanika dagaa. Nilimkuta mama mmoja, nikamuuliza kwa mzaha kama nao huku huwaita watu wao asubuhi. Akasema ndiyo. Nikamuuliza ingekuwaje mtu akimwita aliyepotea. Aliacha kugeuza dagaa. Akaniuliza, "Ameitika?" Nadhani uso wangu ulijibu. Alinawa mikono na kuniambia hana dagaa wa kuuza, na dagaa walikuwa wametapakaa mbele yetu kama mkeka.

Nilirudi kesho yake. Ndipo aliponieleza, akiwa amenipa mgongo. Kwamba ziwa halina sauti yake lenyewe, linatumia za waliomo. Kwamba ukimwita aliyemo, unalionyesha njia ya kuja ufukweni. Na kwamba likija haliji kurudisha mtu.

Mimi ni mtu wa vipimo, dada. Najua kina cha ziwa letu, najua kwamba huko chini hakuna hewa na hakuna kinachoishi. Siku zote niliona ni takwimu tu. Sasa nikilala naifikiria ile chini. Naogopa, na nakuambia wazi kwamba naogopa, kwa sababu kanuni ile niliiandika mimi kwa mkono huu huu, na ni mimi niliyekupeleka pale ukaisikie sauti.

Kaa nyumbani asubuhi. Fungua duka. Mwishoni mwa mwezi nitajua siku ya kuja.

Talal

*

Bujumbura, 24 Julai

Kwa Bwana Talal Sleiman, mwandishi wa kanuni,

Hongera. Régis haiti tena. Anasimama pale na viatu vyake, anahesabu vichwa kimyakimya, kisha anapanda basi anarudi Kamenge. Umelichukua jambo letu ukalifanya sheria, na lilipoanza kunifaa mimi ukalifuta. Huyo mama wa Kibirizi hana jina, hana uso, amekupa mgongo, na umemsikiliza kuliko mimi.

Nilikaa kimya kama ulivyotaka. Nilijitahidi, Mungu shahidi. Kila asubuhi nilisimama pale na taulo langu bila kutoa neno, na kimya chenyewe kilikuwa kibaya kuliko sauti, maana nilijua yuko. Yuko pale mbele, maji yamemfika kiunoni, anangoja aitwe. Mtoto niliyemlea anangoja nimwite, nami nimebana midomo kwa sababu ya tume.

Jana nilimwita mwenyewe.

Mke wa Jovithe alinirukia akaniziba mdomo, lakini jina lilikuwa limekwisha kutoka. Akaitika. Hakusema "Niko" peke yake. Alisema, "Niko, dada."

Karibu, Talal. Karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa. Ukungu ulikuwa mweupe na sikuona kitu, ila maji ya mbele yangu yaliacha kupiga mchanga. Yalitulia kabisa. Na baridi ile, katikati ya kiangazi, iliniingia mpaka kwenye meno.

Aliniuliza swali moja. Nitakuambia ukija, si la kuandika.

Lini unakuja? Nimekukasirikia, lakini njoo.

Nura

*

Kigoma, 30 Julai

Dada yangu mpenzi,

Nastahili yote uliyoniita, na mengine uliyoyaacha.

"Niko, dada." Hayo maneno yamenikaa kifuani. Nimejaribu kuendelea kukuandikia kama afisa na nimeshindwa. Nililia, sikufichi, na nilipomaliza kulia nilitaka nami niisikie sauti hiyo. Halafu nikaogopa kwamba nimetaka.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Usimwite tena mpaka nifike. Tutasimama pamoja, tutamswalia, tutamwachia Mwenyezi Mungu. Ukitaka kunipiga baada ya hapo utanipiga.

Kazi yangu imekwisha. Rasimu imepita bila ile kanuni, mawaziri watasaini, sehemu ya ndani itafungwa kabisa. Nakuja na meli ya Mugisho. Tunaondoka Jumanne tarehe 5 baada ya adhuhuri, na Jumatano alfajiri tutapita mbele ya Rukoma kabla ya kuingia bandarini. Ukitaka kuita mtu, niite mimi. Teremka mwaloni uniite kama mama alivyokuwa akimwita baba. Mimi ni mzima, naruhusiwa kuitwa. Sijawahi kuitwa hata mara moja maishani, na sikuwahi kusema jinsi nilivyowaonea wivu wavuvi kwa hilo.

Niandalie mukeke wa kuchoma. Huku wanamwita mgebuka na hawajui kumchoma.

Talal wako

*

Bujumbura, Jumatano 6 Agosti, asubuhi

Talal,

Usipande meli. Nakusihi kwa kaburi la mama, usipande meli. Njoo kwa basi, pitia mpaka wa Manyovu, hata kama ni safari ya kuvunja mgongo. Barua hii nampa dereva anayeondoka sasa hivi. Jovithe amekupigia kwa simu yake tangu alfajiri na yako imezimwa.

Nilikuficha jambo. Lile swali aliloniuliza Ilyas lilikuwa hili: "Talal anakuja lini?" Nilifurahi, unaelewa? Nilisema huyu ni ndugu kamuulizia ndugu. Barua yako ilipofika sikutimiza ombi lako. Niliteremka, nikamwita, nikamwambia siku. Nikamwambia Jumatano, kwa meli ya Mugisho, alfajiri, mbele ya Rukoma. Maji yalirudi nyuma, yakaacha eneo kubwa la mchanga mtupu, na tangu siku hiyo hakuitika tena.

Leo nimeteremka kukuita wewe. Mukeke nilikuwa nimekwisha kumpaka chumvi. Ukungu ulikuwa kama ukuta, nikasikia mngurumo huko ndani, nikasema ndiyo injini ya Mugisho. Nikaita, "Talaaal!" kama mama. Ukaitika. Sauti yako, Talal, pamoja na kile kicheko chako. "Niko!" Nikaita tena kwa furaha, ukaitika tena, karibu zaidi. Wanawake walipiga vigelegele.

Nikapanda pikipiki mpaka bandarini kukupokea. Hakuna meli. Mtu wa bandari akaniambia Mugisho hakuondoka jana, injini ilikuwa mbovu, angali Kigoma.

Basi nani ameitika jina lako?

Yule mama wa Kibirizi alisema kweli, na Dorothée alisema kweli, na mimi niliyejifanya najua kikohozi cha mtoto wangu nimekuuza. Sitaki Ilyas tena. Naandika hivyo kwa mkono wangu: sitaki Ilyas, nakutaka wewe. Nimebakiwa na wewe peke yako.

Kaa mbali na maji. Mtu akikuita, awe nani, hata ukidhani ni mimi, usiitike.

Nura

*

Kigoma, Jumatano 6 Agosti

Dada,

Haraka haraka, maana lori linanguruma. Mizigo yangu naileta kwa barabara, Mugisho amekataa masanduku baada ya kuhangaika na injini. Tulikwama jana, samahani kama ulipoteza alfajiri yako bure. Kwa makosa simu nayo nimeifungia ndani ya sanduku lililo chini kabisa, kwa hiyo ukimwambia Jovithe anipigie, usishangae akishindwa kunipata. Barua hii imo juu ya nguo, uione kwanza.

Nikuambie kichekesho. Asubuhi hii nilikuwa gatini nanunua maandazi, ukungu umetanda hata sioni meli yenyewe, nikasikia unaniita. Kabisa! "Talaaal!" kutoka upande wa maji. Sikufikiri hata kidogo, nikajibu kwa sauti, "Niko!" Ukaita tena, nikajibu tena. Muuza maandazi alinitazama kama mwendawazimu na mimi nikacheka mpaka nikashika mbavu. Ndivyo ilivyo kuwa na hamu na nyumbani.

Injini imepona. Tunaondoka mchana huu. Nimefurahi, dada, sijafurahi hivi tangu mwaka juzi. Basi uniite na kesho.

Talal

*

Bujumbura, 10 Agosti

Talal,

Lori lilifika Ijumaa na masanduku yako, na barua yako juu ya nguo. Yangu imerudi na dereva wa basi jana, haijafunguliwa. Alikutafuta ofisini, wakamwambia umeshaondoka. Zote mbili ziko mezani mbele yangu.

Mugisho aliingia Alhamisi asubuhi. Aliteremka kwenye meli kofia mkononi na nikajua kabla hajafungua kinywa. Alisema ulikuwa umesimama kwenye ukingo tangu walipoanza kupita mbele ya Rukoma, ukungu umefunika kila kitu. Mtu alikuita. Mugisho mwenyewe aliisikia, sauti ya mwanamke. Ulicheka, ukamwambia, "Huyo dada yangu, mi nilimwambia aniite." Ukainama kuitika. Yeye aligeuka kutazama usukani, na alipogeuka tena ukingo ulikuwa mtupu. Walizima injini, walizunguka mpaka jua likatoka. Hakusikia mtu akianguka majini. Amenirudishia kandambili zako.

Talal, sikuwa Rukoma. Asubuhi hiyo nilikuwa kwenye ofisi ya mabasi, nimeziba mdomo kwa kanga, nangoja habari za yule dereva. Sikuita. Nataka ulijue hilo kuliko jambo lolote. Haikuwa mimi.

Kanuni zako zinasainiwa wiki ijayo. Régis amekuja kunipa pole, kijana mwema, alilia kuliko jamaa zetu. Sehemu ya ndani hakuna anayeikaribia na hakuna atakayeikaribia, hahitajiki mlinzi. Wanawake wa mwaloni hawaiti tena mtu yeyote kwa jina. Wanagonga mabeseni, na wanaume wanajibu kwa kugonga mashua. Nadhani itakaa hivyo.

Mimi walinizuia kuteremka, na sikuteremka. Lakini mwaka huu ziwa limepanda, unajua lilivyoingia mpaka kwenye bustani za watu kule chini, na asubuhi ukungu unafika mpaka mtaani kwetu, mpaka kwenye mlango wa duka. Juzi nilikuwa nafungua makufuli. Nikasikia, "Nura." Ilikuwa sauti yako. Kisha nyingine ikasema, "Dada Nura," na hiyo ilikuwa ya Ilyas. Mnapokezana, kama mlivyokuwa mkifanya mkichelewa kurudi na mlango umefungwa, huyu akichoka yule anaendelea, mpaka nitoke kitandani niwafungulie. Sikuwahi kuwaacha nje hata siku moja.

Jana mlikuwa mtaa wa pili. Leo mko hapa nje, nasikia maji yanadondoka kwenye ngazi. Sijaitika. Nimeona nikuandikie kwanza.

Dada yenu,
Nura